Majina Yenye Nafasi Ndani

Kiti changu pale warshani, mtaa wa Asiatique, Bujumbura, sasa anakikalia mtu mwingine, na hilo halinisumbui. Kilikuwa kiti kibaya, mguu mmoja mfupi, na mgongo wangu unashukuru. Kinachonisumbua ni kwamba niliondoka na mambo machache kichwani ambayo sikuyaacha mezani, na mojawapo ni lile mnalonipigia simu kuniuliza: "Mama Tite, kompyuta inasema aiko faili, na mi naiona hapa kwa macho yangu!" Jibu langu halijabadilika. Jina la faili lina nafasi ndani yake. Lishike pande zote mbili. Lakini jibu hilo nalitoa kwenye simu kwa maneno mawili, na kisa chake ni kirefu kuliko simu, kwa hiyo naona nikiandike.

Nilianza kazi kwa Mzee Hamisi wakati harusi za mji huu zilikuwa bado zinaishi kwenye kanda. Hamisi alikuwa Mwislamu wa Buyenzi, yeye na baba yake, fundi wa redio aliyegeuka fundi wa kamera kwa sababu watu waliacha kutengeneza redio lakini hawakuacha kuoana. Warsha ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vitambaa, na ili uifikie ilibidi upite katikati ya vitenge. Siku ya kwanza sikugusa mashine. Alinionyesha beseni, sabuni na taulo.

"Nawa mikono, binti yangu."

"Nimenawa nyumbani, Mzee."

"Ulikuja kwa miguu?"

"Nilipanda gari, kutoka Ngagara."

"Njo unawe tena. Ile kanda inabeba sauti ya mutu. Huwezi kumushika mutu kooni na mikono ya garini."

Nikanawa. Nilinawa mikono mlangoni mwa ile warsha kila asubuhi mpaka nilipostaafu, hata baada ya kanda kwisha na kubaki kibodi, ambayo haina koo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika majina kwenye migongo ya kanda. Mgongo wa kanda ni mwembamba, nami nilijiona mwerevu, nikafupisha: DOT CHANTAL. Dot ni ile sherehe ya mahari, familia mbili zinapokutana na kusemeshana kabla ya harusi yenyewe. Hamisi akaitazama kanda, akanirudishia.

"Mwenyewe akikuja kuichukua, atasema nini pale mulangoni?"

"Atasema anataka dot ya Chantal."

"Bujumbura iko na Chantal wangapi? Atasema anataka Dot de Chantal et Thierry, ile ya Ngagara. Njo uandike vile. Jina liandikwe vile mutu analitamka akiwa mulangoni."

Hiyo ikawa sheria ya warsha. Niliandika kwa herufi ndogo sana, macho yakaumia, lakini sikumbuki mteja aliyeondoka na kanda ya watu wengine. Na mkumbuke jambo moja, maana litarudi: tulipanga kanda kwa majina ya wanaooana. Hatukupanga kwa majina ya wasemaji, wale wazee ambao kila familia huwapa kazi ya kuzungumza kwa niaba yake siku ya dot. Lakini tuliwajua. Tukikaa kutwa nzima tukinakili kanda, tuliwajua wasemaji wa mji mzima kama wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira. Yupi ana methali nyingi, yupi anapenda bia kabla ya hoja, yupi anawafanya wakwe watoe machozi halafu anawaomba ng'ombe mwingine.

Niliyempenda mimi alikuwa Ladislas, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu kule Ngagara. Yeye alikuwa na mtindo wake. Upande wa pili ukimaliza kusema, hakujibu. Aliweka glasi chini, akatulia. Alitulia mpaka watoto wakaacha kucheza. Kisha ndipo alipoanza kuzungumza, taratibu, kama mtu anayeendelea na mazungumzo aliyoyaanza jana yake. Wateja wengine walituomba tukate ule ukimya ili kuokoa kanda. Hamisi alikataa. "Mutu akinyamaza vizuri vile, na hiyo ni hotuba," alisema.

Ilikuwa miaka ya vita, miaka ya sherehe za mchana. Jioni ilikuwa ya kila mtu kuwa nyumbani na mlango kufungwa, na ninyi mliozaliwa baadaye waulizeni wazazi wenu. Ukitazama kanda za wakati ule utaona wageni wanaanza kutazama saa zao jua likiwa bado juu. Wasemaji walijifunza kusema maneno machache. Ladislas pekee ndiye aliyebaki na ukimya wake.

Kisha kompyuta ikaja. Ilikuwa ya mtumba, na ndani ya mwezi mmoja flashi za wateja ziliijaza virusi hata ikawa inajiwasha na kujizima kama taa ya krismasi. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mpwa wa mwenye duka la vitenge, akaja kuifuta yote na kutuwekea mfumo mwingine ambao virusi hivyo havikuujua. Mfumo ule ulikuwa na madirisha mazuri, lakini kazi nzito, alisema, tutazifanya kwenye dirisha jeusi, kwa kuandika amri. Tukahamisha kanda moja moja kwenye diski, na kila moja tukaipa folda yenye jina lilelile lililokuwa mgongoni mwake. Sheria ya mlangoni haikubadilika.

Siku yangu ya kwanza mbele ya dirisha jeusi niliandika:

ls Dot de Chantal et Thierry Ngagara

Maana ya ls ni nionyeshe kilichomo. Kompyuta ile, ambayo Kifaransa chake kilikuwa safi kuliko changu, ilinijibu kwa mstari mmoja kwa kila neno. Haimjui Dot. Haimjui de. Haimjui Chantal. Thierry naye, aucun fichier ou dossier de ce type, hakuna faili wala folda ya namna hiyo. Hamisi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Imewapoteza wote?"

"Apana, Mzee," mwanafunzi akacheka. "Inawatafuta mumoja mumoja. Kwake yeye, penye nafasi ni mwisho wa jina."

"Hata katikati ya mutu na bwana yake?"

"Hata hapo."

Hamisi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake hajafundishwa kusalimia. Mwanafunzi akatuonyesha dawa: weka alama ya kunukuu mwanzo wa jina na nyingine mwisho wake, na kila kilicho katikati kitahesabiwa kuwa kitu kimoja. Kwenye kibodi zetu za Kifaransa alama hiyo iko kwenye kitufe cha 3, bila kubonyeza kingine. Akatuonyesha na njia ya pili, kuweka mkwaju wa kurudi nyuma kabla ya kila nafasi, ila kwenye kibodi zetu mkwaju huo unahitaji kidole kimoja huku na kingine kule, na sijaona mtu mwenye akili timamu akiupenda. Njia ya tatu ndiyo ya wavivu, na ndiyo niliyoitumia zaidi: andika herufi chache za mwanzo, bonyeza Tab, na kompyuta yenyewe italimalizia jina na kulitengenezea nafasi zake.

Kuna fundisho la pili ambalo tulilipata bila mwalimu. Siku moja niliandika jina la folda iliyoanza na Dot d'Aline, bila alama za kunukuu, nikabonyeza. Kompyuta haikulalamika. Ilionyesha alama ndogo kama mdomo wa ndege, >, ikanyamaza. Tukafikiri inafanya kazi. Hamisi akasema kazi nzito inahitaji subira, akaagiza chai. Tukanywa chai. Tukaagiza nyingine. Baadaye mwanafunzi alipita kusalimia, akatazama skrini, akaketi chini kwa kucheka. Ile alama ya d' kompyuta ilikuwa imeiona kama mwanzo wa kunukuu, na tangu hapo ilikuwa inatusubiri sisi tufunge. Sisi tuliisubiri yenyewe. Nimeona ndoa kadhaa zikiishi hivyo.

Sitawaandikia kila kitu. Lakini hili msilisahau: kabla ya kufuta, onyesha. Mnataka kuandika rm, amri ya kufuta? Andikeni kwanza ls na jina lilelile, mtazame kinachojitokeza. Nafasi moja iliyoponyoka kabla ya kinyota, ile alama yenye maana ya vyote, inatosha kuigeuza amri ya kufuta kitu kimoja iwe amri ya kufuta vyote, na dirisha jeusi halina huruma, halina hata pipa la taka.

Mwanafunzi alitushauri tubadilishe majina yote, tuweke kistari cha chini badala ya nafasi. Dot_de_Chantal_et_Thierry. Hamisi akalisoma kwa sauti, akijaribu kukitamka kile kistari.

"Hawa watu wamefungwa kamba," alisema. "Apana. Mashine ijifunze."

Alifariki akiwa na msimamo huo. Alipougua alikuja warshani mpaka wiki ya mwisho, akiketi karibu na beseni, na aliyeingia bila kunawa alimtazama tu. Tulimzika siku ileile, kama ilivyo desturi yao, na kesho yake asubuhi nilinawa mikono mlangoni nikagundua kwamba hakuna anayenitazama. Nilibaki pale na taulo mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyoruhusu.

Nadine alikuja miaka mingi baadaye, amemaliza masomo ya kompyuta, mcheshi, mwenye haraka ya mikono ambayo niliionea wivu. Yeye alikuwa wa kistari cha chini. Tulibishana kila siku, naye alizoea kuniambia, "Mama Tite, wewe unaionea mashine huruma au unaichukia? Mbona unaitesa na nafasi?" Kwa haki nikiri kwamba vita hiyo nimeshindwa. Kazi zote mpya siku hizi zina kistari, na hata mimi nikiandika bei za maharage kwenye simu naziunga. Lakini diski ya zamani, ile ya kanda za Hamisi, ilibaki na majina yake.

Sasa niseme kisa chenyewe.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mama Claude, mjane wa Ladislas, alikuja warshani asubuhi ya Jumatano. Tulikuwa majirani, tungeweza kuonana kwenye uzio, kwa hiyo nilipomwona amepita katikati ya vitenge na mkoba mkononi nilijua kwamba amekuja kama mteja, na kwamba hilo limemgharimu. Mwaka ulikuwa umetimia tangu mumewe azikwe. Jumamosi ile ilikuwa ya kuganduka, levée de deuil, siku familia na majirani wanapokusanyika kumaliza matanga.

"Mama Tite, mi sikuje kwa mapicha," alisema kabla sijamkaribisha. "Mapicha niko nayo. Uso wake niko nao ukutani. Sauti njo nimeanza kuisahau."

Nikampa kiti changu, na kwa mara ya kwanza nilikionea haya.

"Naamka asubuhi, najaribu kumusikia akiniita, nasikia sauti ya Claude. Mutoto ni mutoto. Si yeye." Alifungua mkoba akaufunga tena. "Kisha Jumamosi watasema amemalizika, watu warudi kwao. Nikimaliza matanga na sauti aiko, nitakuwa nimebaki na nini? Ule mutu alisemea mji muzima. Kwangu hakuacha ata neno moja. Nyumbani nani anamurekodi bwana yake?"

Nadine alikuwa ameacha kuandika. "Mama, alisemea kwa nani?" aliuliza.

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Alisemea harusi nyingi, na harusi hizo zilikuwa kwenye diski ya zamani kwa majina ya wanaooana. Na diski yenyewe ilikuwa mgonjwa. Tulipoiunganisha ilianza kugonga kwa ndani, tk, tk, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Wenzangu mnaijua sauti hiyo. Diski ikigonga hivyo, kila dakika unayoisoma unaitoa kwenye uhai wake.

Najua mtasema nini. Ipo zana ya kunakili diski nzima jinsi ilivyo, hata ikiwa mahututi. Ipo, lakini inataka diski nyingine ya ukubwa uleule, na siku hiyo warsha nzima ilikuwa na moja tu, ndogo. Ilibidi tuchague.

Nadine aliandika skripti fupi haraka: pita kila folda, inakili huku. Ili skrini isijae maneno aliiambia ikae kimya kuhusu makosa. Ilikwisha mapema mno. Tukafungua diski ndogo, na ndani yake tukakuta folda tatu: Essais, Factures na Logo. Majaribio ya kamera, ankara za zamani, na nembo ya warsha. Kila folda yenye jina la neno moja ilikuwa imeokolewa. Kila folda yenye watu wawili ndani yake ilikuwa imekatwa vipande, vipande vikatafutwa, havikupatikana, na skripti ikaendelea na safari bila kusema lolote.

"Ni nafasi," Nadine alisema, akajipiga paji la uso. "Nimesahau guillemets, zile alama za kunukuu, kwenye jina. Mama Tite, tubadilishe yote kwanza? Mi naweza kuweka kistari kwa majina yote sasa hivi, amri moja."

"Kwa diski hiyo?"

Akaondoa vidole kwenye kibodi. Kubadilisha jina ni kuandika, na mgonjwa wa namna ile haandikwi, anasomwa tu.

"Pole," akasema, si kwangu, kwa diski. Akaichomoa taratibu, akaiunganisha upya kwa kusoma pekee, ili hata mkono ukiteleza usiandike kitu. Kwa hiyo tulibaki na majina kama Hamisi alivyoyaacha, pamoja na nafasi zake zote, na ilibidi tuyabebe hivyohivyo.

Lakini yapi? Nikamgeukia Mama Claude. "Unakumbuka alikwenda wapi?"

"Mi nakumbuka koti," alisema. "Alikuwa na lile la kijivu, moja. Kila dot nililipiga pasi. Nilijua alikokwenda vile lilivyorudi." Akafumba macho. "Ile ya Chantal, hapa kwetu Ngagara, lilirudi na mafuta ya nyama. Kuna ya Kinama, lilikosa kifungo. Kuna ya Mutakura. Ile ya Mutakura mvua ilinyesha, lilirudi na matope mpaka hapa." Alionyesha kiwikoni. "Nikamuuliza, ulisema umelala chini? Akacheka tu."

Tukatafuta kwa majina ya mitaa aliyoyataja. Folda ya Ngagara ikatoka nzima, sasa ikiwa imeshikwa pande zote mbili. Ya Kinama nayo. Nadine akafungua video ya kwanza, na Ladislas akaonekana na koti lake, glasi chini, midomo ikisogea. Lakini kilichosikika ni kinanda. Baadhi ya wapiga picha wa enzi zile walifikiri watu hawapendi maneno, wakachomeka kamera kwenye vyombo vya muziki palepale sherehani, muziki ukafunika kila kitu. Ya pili ilikuwa vilevile, wimbo wa mapenzi mwanzo hadi mwisho, na mume wa mtu anafungua na kufunga mdomo chini yake.

Mama Claude hakulia. Alinyoosha kidole, akaugusa mdomo ule kwenye skrini. Nikaona kidole kimeacha alama, na hakuna aliyeifuta.

"Ya Mutakura," nilisema. "Mvua. Vyombo vya muziki havikai mvuani."

Diski ilikuwa inagonga kwa karibu zaidi sasa. Nikaandika amri yangu ya zamani, find ya kutafuta na xargs ya kupokea na kukabidhi, ile niliyoitegemea miaka yote kwa majina yenye nafasi. Ikakataa. Ililalamika kwamba kuna alama ya kunukuu iliyofunguliwa bila kufungwa. Nikatazama jina: Dot d'Espérance et Juma Mutakura. Ile d' tena. Ndege wa mdomo mmoja. Nikajaribu kulizungusha jina hivi na vile, na ningeendelea hivyo mpaka diski ife.

"Niachie, Maman," Nadine alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "We unayatenganisha majina kwa mustari. Tuyatenganishe na kitu ambacho jina la mutu haliwezi kuwa nacho."

Aliongeza neno moja upande wa find, -print0, na alama moja upande wa xargs, -0. Maana yake ni kwamba kati ya jina na jina inawekwa alama tupu, isiyoonekana, ambayo hairuhusiwi kuwa ndani ya jina lolote la faili duniani. Nafasi inabaki nafasi, d' inabaki d', na hakuna anayekatwa. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka yote bila kuijua alama hiyo. Ningependa Hamisi aijue. Angesema: kumbe mashine imejifunza.

Akabonyeza. Diski ikagonga, ikasita, ikagonga. Mama Claude alikuwa ameshika ukingo wa meza kama anayeizuia isisogee. Folda ikapita. Tulipojaribu nyingine baada yake, diski ilizunguka mara moja ikatoa mlio mrefu, na haikuwaka tena.

Nadine alitaka kumsikilizisha palepale. Mama Claude alikataa.

"Iko mvua ndani?"

Nadine akaweka kipokea sauti sikioni, akasikiliza kidogo. "Iko mvua, Mama. Na hakuna muziki."

"Basi inatosha. Nitamusikia Jumamosi na watu wake."

Jumamosi, Ngagara, uani kwao. Viti vya kukodi, makreti ya bia na ya fanta, majirani wote wa quartier yetu, mtaa mzima, na ndugu waliotoka milimani. Hotuba zilisemwa, ndefu, na kila msemaji aliyesimama alijua anasimama badala ya nani. Kisha Claude akatangaza kwamba mama ana neno, na Mama Claude akamwashiria Nadine, aliyekuwa ameweka spika juu ya kiti cha plastiki.

Kwanza ilisikika mvua juu ya mabati. Sauti ya mtu mwingine, msemaji wa upande wa kijana, familia iliyotoka Uvira, akimaliza maneno yake kwa Kiswahili. Makofi. Glasi ikiwekwa mezani. Kisha hakuna kitu.

Mvua tu. Watu wakaanza kutazamana. Mjomba mmoja akanong'ona kwa sauti kubwa, kama wanavyonong'ona wajomba, "Imekatika! Binti, fungua tena, imekatika!" Nadine akainua mkono kuelekea spika.

"Muache," Mama Claude alisema. "Njo yeye huyo."

Ua mzima ukatulia. Mtoto aliyekuwa anagongagonga kizibo cha chupa akaacha. Na hapo, taratibu, kama anayeendelea na jambo la jana yake, Ladislas akasema:

"Wakwe zetu, mumesema vizuri. Mi nilitaka kuwajibu kwa methali kumi, na ninazo. Lakini mvua inanyesha, na saa mnaiona. Kule Ngagara kuna mwanamuke mumoja. Huyu mwanamuke, ikifika saa kumi na mbili sijaingia, anafunga mulango, na akifunga, ata mfalme hafunguliwi. Sasa mukiendelea kuomba bei ipunguzwe, mi nitalala inje. Na nikilala inje, nitakuja kulala kwenu. Mutaweza kunilisha?"

Kicheko cha Mutakura, cha miaka ile, kikachanganyika na kicheko cha uani. Watu walishikana mabega. Mjomba alipiga goti lake mpaka fanta ikamwagika. Kisha, ndani ya kanda, sauti ikashuka kidogo, ikawa kama ya mtu anayezungumza na mmoja tu kati ya wengi.

"Mupeni binti yetu mulango kama ule. Mulango ambao mutu anaukimbilia."

Na mvua. Na makofi. Nadine akazima.

Wote walimgeukia Mama Claude. Hakuwa amejifunika uso. Alikuwa anakitazama kile kiti cha plastiki kama mke anavyomtazama mume aliyekamatwa akisema uongo mbele za wageni.

"Muongo," alisema. "Mulango sijafunga ata siku moja. Nilikuwa nakaa nyuma yake, umefunguliwa, mpaka nisikie miguu yake."

Hakuna aliyecheka hapo. Kisha akasimama akawakaribisha watu kwenye chakula.

Jumatatu alikuja tena warshani, bila mkoba, na flashi ndogo mpya bado kwenye karatasi yake. Alinawa mikono kwenye beseni bila kuambiwa. Alinikuta nikinawa akafikiri ndiyo desturi, na ndiyo. Nadine aliifungua flashi, akaikata sauti ile kutoka kwenye video, ukimya wake wote ukiwamo, kisha akauliza aipe jina gani.

Mama Claude alifikiri kidogo, amesimama pale mlangoni penye vitenge.

"Andika: Mulango haujafungwa, Baba Claude, ingia."

Nilimtazama Nadine, mtu wa kistari cha chini. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha 3, akafungua alama. Akaandika jina zima kama lilivyotamkwa, nafasi kwa nafasi. Kisha akarudi kwenye kitufe cha 3, akafunga.